Radio ya Mawe Kumi na Nane

Ukitaka kununua radio kwa Protais Ndihokubwayo, hukuanza na pesa. Ulianza kwa kumpeleka nyumbani kwako. Alifika, akasalimia wenye nyumba, halafu akasimama katikati ya uwanja na kuuangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kuchimba kisima. Aliuliza ni watu wangapi hukaa pale jioni, wanakaa upande gani, na kama mawimbi ya ziwa yanasikika. Akiridhika, alikuuzia. Asiporidhika alikuaga kwa heshima zote na kurudi kwenye karakana yake ya Mulongwe, mtaa wa Uvira, nawe ukabaki na pesa mkononi na hasira kooni.

Ndiyo, mfanyabiashara huyu aliwakataa wanunuzi. Tena si katika miaka ya neema, bali katika ile miaka ya kwanza ya uhuru, wakati mtu akipata mnunuzi mmoja Uvira alimshika kwa mikono miwili asije akatoroka. Watu walimwita kichwa kibovu. Na waliomwita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote ndio haohao leo wanaoapa kwamba walimwamini tangu siku ya kwanza. Waongo wakubwa. Ilikuwa hivi.

Protais alizaliwa Runingu, katika bonde la Ruzizi, mtoto wa pili wa mkulima wa mpunga na pamba. Kaka yake Sévère alipewa jembe akalipenda. Protais alipewa jembe akavunja mpini mara tatu katika msimu mmoja, hadi baba yao akasema mtoto huyu apelekwe mahali pasipo na udongo. Akapelekwa Uvira, kwa fundi Mbelgiji aliyetengeneza radio na mitambo ya bandarini Kalundu. Miaka miwili alifagia, miaka minane alishika bisibisi. Mwezi wa saba wa mwaka 1960, siku chache baada ya uhuru, Mbelgiji yule alipanda meli asubuhi moja bila hata kumaliza kahawa yake. Alimwachia Protais meza ya kazi, chuma cha kulehemu ambacho hupashwa moto kwenye mbabula, jiko la makaa, na rundo la radio kubwa za sebuleni zilizotelekezwa na Wabelgiji wenzake waliokimbia, kila moja sawa na sanduku la nguo.

Basi Protais akawa fundi mwenye karakana, mume wa Pudentienne, binti wa kijiji cha Katogota, na baba wa mtoto mmoja, Marie-Rose. Kilichobaki ni kupata kitu cha kuuza. Hapo ndipo alipofanya kosa lake la kwanza, kosa la kumwiga jirani.

Wakati ule radio ndogo za transista zilikuwa zimeanza kuvuka mpaka kutoka Usumbura, mji ambao baadaye uliitwa Bujumbura. Zilikuwa ndogo za kuingia mfukoni, za kupendeza, na kila aliyeziona alizitamani. Protais akaifungua moja, akalisoma tumbo lake kwa wiki nzima, kisha akaunda ya kwake, ndogo vilevile, ya mbao iliyosuguliwa ikang'aa. Akamuuzia Léocadie, mama aliyekuwa na uwanja wa pombe ya mtama huko huko Mulongwe. Siku ya tatu Léocadie aliingia karakana bila kubisha na kuiweka ile radio mezani.

"Protais, kamata kintu yako."

"Iko na ubaya gani, Mama Léocadie?"

"Iko inaongea na minye peke yangu, sawa muntu anasengenya. Bantu bangu banakunywa mu kimya, kisha banaenda kunywa kwa wengine."

"Pandisha sauti kwa ile kifungo."

"Nilishapandisha mpaka mwisho! Njo inalia sawa kuku mugonjwa. Halafu weye, niambie: ulishaona wapi muntu wa Uvira anasikiliza habari peke yake?"

Protais aliichukua ile radio kutoka mezani. Alimrudishia pesa zake zote, na jioni hiyo akaenda kukaa uwanjani kwa mama yule. Alikaa wiki nzima. Pudentienne alidhani mumewe ameanza ulevi, naye alikuwa na haki ya kudhani hivyo, lakini Protais hakuwa akinywa. Alikuwa akitazama.

Kwa Léocadie pombe ya mtama ilikaa katika mtungi mmoja mkubwa katikati ya uwanja, na wanywaji waliuzunguka, kila mtu na mrija wake. Mrija hauazimwi. Aliyekuja bila mrija aliangaliwa kama mtu aliyeingia msibani akicheka. Wavuvi wa ndagala, makarani wasio na mishahara, wakulima waliokuja sokoni kutoka Nyakabere, wote walikuwa duara moja, na kila neno lililosemwa lilikuwa la wote. Mtu akileta habari, aliulizwa arudie kwa sauti ili na wa mwisho asikie. Protais aliona kwamba mwenye radio ni mmoja, lakini radio si ya mmoja. Wanaotengeneza zile ndogo kule ng'ambo hawakulijua hilo. Wao walifikiri mtu ananunua radio ili asikie. Kwetu mtu alinunua radio ili wengine waje.

Akarudi karakana akafunga mlango. Alipoufungua, mwezi na nusu baadaye, alitoka na kitu ambacho Mulongwe nzima ilikicheka hadi machozi. Kilikuwa kikubwa kama kabati. Alichukua spika pana za zile radio za Wabelgiji na kuziunganisha na matumbo ya transista, akavifungia ndani ya mbao nzito kutoka milima ya Itombwe. Nyuma yake, nyuma kabisa, alichonga nafasi kumi na nane za betri. Betri, watu wa kwetu huziita mabuye, mawe. Radio ndogo ilitaka mawe manne. Hii ilitaka kumi na nane.

"Baba Marie-Rose," Pudentienne alimwuliza, mikono kiunoni, "muntu gani atanunua mabuye kumi na munane?"

"Hakuna wa kununua. Atatia yenye ilichoka."

Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake. Jiwe la tochi likichoka halijafa. Haliwezi tena kuwasha taa ya mvuvi, naye hulitupa mchangani, lakini ndani yake limebakiza nguvu kidogo. Ukiyapanga mengi pamoja, hicho kidogo cha kila moja kinatosha kuisemesha radio, tena kwa sauti ya kufika barabarani. Yakichoka zaidi, unayaanika juani juu ya bati siku moja, na siku ya pili yanafanya kazi tena. Protais aliyajaribu kwa wiki nyingi kabla ya kusadiki.

Kisha akaweka bei. Kabati moja, mtamba mmoja wa ng'ombe au thamani yake. Radio ndogo ya Usumbura ilikuwa bei ya mbuzi. Watu walipomwuliza kama ana ya bei nafuu, alisema hana. Walipomwuliza kama atatengeneza ya kati, alisema hatatengeneza. Aina moja, bei moja, na ahadi moja: ikinyamaza, ilete, nitaitengeneza bure mpaka siku nitakapokufa. Na hakumuuzia mtu ambaye uwanja wake hauna watu, kwa sababu, alisema, kabati likifungiwa chumbani hakuna atakayelisikia, na lisiposikiwa hakuna atakayelitaka. Wengine waliita hayo majivuno. Labda yalikuwemo majivuno kidogo. Lakini alijua analofanya, jambo ambalo wengi wetu hatuwezi kulisema juu ya nafsi zetu.

Wa kwanza kununua alikuwa Léocadie, naye hakujuta. Lakini miaka miwili ilipopita Protais alikuwa ameuza makabati saba tu, pamoja na lile la Léocadie. Na hapo akatokea Bigirimana.

Tusimsingizie, Bigirimana alikuwa mtu mzuri. Alikuja kutoka Bujumbura kwa baiskeli iliyosheheni radio ndogo nyekundu, za kijani na za buluu, amevaa shati jeupe, akicheka na kila mtu. Alikuwa sokoni Mulongwe, alikuwa Kavimvira, alikuwa bandarini Kalundu, na popote alipokuwa, radio zilinunuliwa kama mihogo ya kuchoma. Bei yake ilishuka kila mwezi. Watoto walimwimbia barabarani.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Protais alisema, akichungulia dirishani.

"Kizuri yako iko mu nyumba tangu mwezi mbili," Pudentienne akamjibu, "na haijajiuza hata siku moja."

Mwanzoni mwa mwaka 1964 Sévère akaja kutoka Runingu. Hakuja kutembea tu. Alikaa kwenye kiti, akakataa chakula hadi aseme kilichomleta, na Protais akajua kwamba jamaa wamekaa kikao juu yake.

"Mudogo," alisema Sévère, "baba alikufa, na nusu ya shamba iko inalala. Minye niko na mikono mbili tu. Jamaa banasema hivi: mpaka mavuno ya mupunga. Kama hii kabati yako haiwezi kulisha bibi na mutoto, utafunga hii nyumba, utarudi nyumbani kulima."

"Yaya," Protais alimwita kaka yake, "nipe mwaka moja."

"Miaka tatu tulikupa. Asiyesikia la mkuu, unajua mwisho yake."

Protais hakubisha, maana kaka mkubwa akisema kwa niaba ya jamaa habishiwi. Lakini aliogopa, na hofu yake haikuwa ya njaa. Aliogopa kuishi maisha yake yote akiwa mkulima mbaya na huku anajua kwamba alikuwa fundi mzuri. Aliogopa kuuza meza ya kazi na kuiona katika nyumba ya mtu mwingine, imefunikwa kitambaa, imewekewa vikombe.

Wiki haikuisha, Bigirimana naye akabisha hodi. Ungedhani wamepanga.

"Ndugu Protais, minye nasema ukweli, mu Uvira yote hakuna fundi sawa weye. Acha hii kabati. Kuja utengeneze radio zangu, zinaharibika mingi. Nitakupa mushahara kila mwezi, na tutaandika jina yako kwa mulango."

"Na kabati?"

"Kabati utapasua, utapika nayo." Akacheka, bila ubaya.

Pudentienne alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Macho yake yalikuwa yanamwomba mumewe aseme ndiyo. Mshahara kila mwezi! Jamaa wangenyamaza, shamba lingepata kibarua, wangebaki Uvira. Protais alimwangalia mkewe, akaangalia meza, akasema hapana. Alisema akitengeneza vitu vinavyoharibika atakuwa mtu wa kungoja viharibike, naye hataki kuombea mabaya vitu vya watu. Bigirimana alimshika mkono akaondoka. Pudentienne hakumsemesha mumewe siku tatu, na alipompakulia ugali aliweka sahani mezani kwa kishindo.

Unaweza kufikiri kwamba sasa, shingo ikiwa imebanwa, alishusha bei. Hakushusha. Badala yake alivaa viatu akaenda kwenye viwanja vyote saba vyenye makabati yake, akawaambia wenyewe jambo moja: kuanzia leo anayekuja kusikiliza aje na jiwe lake lililochoka, kama anavyokuja na mrija wake kwenye mtungi. Asiye na jiwe asimame barabarani. Mwanzoni watu walinung'unika. Halafu wakazoea, halafu wakaanza kuona fahari, maana mtu aliyetoa jiwe alijiona na haki ya kusema "radio yetu". Kwa Léocadie wanywaji walifika na vitu viwili mkononi, na Léocadie aliyapokea mawe kwenye ungo kama sadaka ya kanisani.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa nne bonde la Ruzizi likawaka moto. Mwezi wa tano waasi waliokuwa wakiipiga vita serikali ya mji mkuu, Léopoldville, wakaingia Uvira.

Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa, na wasiokuwepo hawataelewa vizuri hata wakielezwa. Watu walikimbilia milimani, wengine walivuka ziwa, wengine walijifungia ndani na kusali rozari mchana kutwa. Baada ya wiki chache waliobaki wakatoka, kwa sababu tumbo halijui vita. Barabara ya Bukavu ilikuwa imekatika. Mpaka wa Burundi ulifungwa. Chumvi ikaisha madukani, sabuni ikaisha, na mawe mapya ya radio yakaisha kabla ya vyote.

Zile radio ndogo zikaanza kufa. Kwanza zilikoroma, kisha zikanong'ona, kisha kimya. Nyekundu, kijani, buluu, zote. Wenye nazo walizipiga makofi, walizitikisa, waliziweka sikioni na kufumba macho. Na huo ndio wakati ambapo kila mtu alitaka kusikia kuliko wakati wowote maishani mwake. Wanajeshi wako wapi? Bukavu imeanguka? Nani anatawala Léopoldville leo? Mama mwenye mwana katika jeshi la serikali na mama mwenye mwana kwa waasi walikuwa na swali lilelile.

Makabati saba yaliendelea kusema.

Uwanja wa Léocadie ulijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta. Mawe yalianikwa juu ya mabati ya Mulongwe nzima, mistari kwa mistari, na watu walichimba mchangani ufukweni wakitafuta yale waliyoyatupa mwaka jana. Mchana saa saba walisikiliza stesheni ya kwanza ikisema mji wa Uvira umekombolewa, na saa nane wakasikiliza nyingine ikisema mji wa Uvira umetekwa, na wao walikuwa humohumo mjini wakila mihogo. Walicheka sana siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu vita vianze, na Protais, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, alicheka nao.

Kesho yake watu walikuwa mlangoni pake. Si mmoja, si wawili. Waliokuwa wakisema kichwa kibovu walifika na ng'ombe, na vitambaa vya jora, na cherehani. Protais alikwenda kuangalia viwanja vyao kama kawaida yake. Mmoja wao Protais alimkataa, kwa kuwa uwanja wake haukuwa na watu.

"Sasa pandisha bei," Pudentienne alimwambia. Alikuwa amechangamka, akitembea huku na huko. "Bantu bako tayari kulipa mara mbili. Baba Marie-Rose, mara mbili!"

"Hapana."

"Ulikataa kushusha, sasa unakataa kupandisha?"

"Nikipandisha leo sababu bako na shida, kesho batajua bei yangu ilikuwa ya uongo."

Pudentienne akatikisa kichwa. Lakini safari hii sahani iliwekwa mezani polepole.

Siku moja, jua likiwa utosini, gari la waasi likasimama mbele ya karakana. Akashuka kamanda mwenyewe, mtu mrefu mwenye koti la jeshi na majani yamefungwa shingoni, na nyuma yake askari sita. Kila askari alikuwa na radio ndogo mfukoni, na zote zilikuwa bubu. Kamanda alinyoosha kidole kwenye kabati lililokuwa limekamilika asubuhi hiyo.

"Ile njo ninataka. Pakia mu gari. Nitaiweka mu chumba yangu ya kulala."

Mtu mwenye akili angelipakia kabati na kumshukuru Mungu. Protais alikuwa na akili, lakini mdomo wake uliitangulia.

"Uwanja yako iko wapi, Komanda?"

Askari mmoja akageuza bunduki. Kamanda akainamisha kichwa kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Unasema nini?"

"Siuzaki kabla ya kuona uwanja," alisema Protais, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, asije mtu akakudanganya kwamba haikutetemeka.

Hapo ndipo Pudentienne alipotoka chumba cha nyuma, akifuta mikono kwenye kitenge. Pudentienne yuleyule wa mshahara kila mwezi. Alisimama kati ya mumewe na bunduki.

"Komanda, minye ni bibi yake. Miaka tatu niko namuomba aweke moja humu mu nyumba yetu, anakataa. Anasema tuko bantu batatu tu, hatutoshi. Bibi yake, Komanda! Sasa kama angekuuzia weye kwa chumba ya kulala, minye ningemuua hapa mbele yako, usingepoteza risasi."

Kamanda alimtazama mwanamke yule. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda taratibu, na kilipotoka kikawafanya askari wote wacheke hata kabla hawajajua wanacheka nini. Wakampeleka Protais kuona uwanja. Ilikuwa nyumba ya Mbelgiji mmoja kando ya ziwa, yenye baraza pana na uwanja wa michezo ambao sasa ulikuwa na mbuzi. Protais alipima kwa hatua, akasikiliza mawimbi, akasema panafaa, ila lango libaki wazi ili majirani waingie na mawe yao. Kamanda alikubali. Alilipa bei kamili. Ng'ombe yule alitoka wapi Protais hakuuliza, na Pudentienne alimkataza asiulize. Tangu siku hiyo hakuna askari aliyegusa mlango wa karakana.

Yalipofika mavuno ya mpunga, makabati yalikuwa yamefika kumi na tisa. Bigirimana, ambaye mpaka ulifungwa akiwa upande huu, alionekana kila siku kwa Léocadie, shati lake jeupe limekuwa la kahawia, jiwe lake mkononi kama wengine. Alikaa mbele kabisa. Alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alileta sauti mia mbili Uvira na zote zimekufa, na kwamba mpaka ukifunguliwa atamletea Protais spika kubwa kutoka Bujumbura, hata kama itabidi azibebe kichwani.

Na ndipo Sévère akaja. Jamaa walikuwa wameweka siku, na vita au si vita, Sévère alikuwa mtu wa neno lake. Alitembea kutoka Runingu tangu alfajiri, akapita vizuizi vya waasi kwa kuonyesha mikono yake ya mkulima. Karakana aliikuta imefungwa. Akasikia sauti ya mtu ikisoma habari, nzito, safi, akaifuata hadi kwenye lango la Léocadie, na pale akazuiwa.

"Baba, buye yako?" Léocadie alimwuliza, ungo mkononi.

"Minye natafuta Protais."

"Protais tunamutafuta sisi wote. Buye."

Mzee wa watu, aliyetoka Runingu kuja kufunga karakana, alisogea kando, wengine wakapita na mawe yao. Mwishowe akafungua tochi yake, akatoa jiwe moja, akaliweka kwenye ungo. Akapewa nafasi ukutani kati ya wavuvi wawili.

Watu walikuwa zaidi ya mia. Hakuna aliyekohoa. Sauti ilifika mpaka barabarani, ambako wengine walisimama na mizigo vichwani, na Sévère aliyezoea kuzipata habari za dunia baada ya wiki mbili, zimepita midomo ishirini, alizipata siku hiyo zikiwa bado moto. Zilitaja bonde la Ruzizi. Kuisikia nchi yao ikitajwa kulimfanya ashike goti lake kwa mikono miwili. Habari zilipoisha, mvuvi aliyekuwa kando yake alishusha pumzi.

"Fundi wa hii kintu, mama yake alizaa," alisema. "Banasema ni muntu wa Runingu. Weye unaonekana muntu wa bonde, unamujua?"

Upande wa pili wa uwanja Protais alikuwa amekwisha kumwona. Aliihesabu siku, akajua ni siku gani. Alisimama, akapita katikati ya watu polepole, akaja kusimama mbele ya kaka yake mikono ikining'inia, tayari kupokea hukumu mbele ya kila mtu.

Sévère akainuka. Hakumwangalia mdogo wake kwanza, aliwaangalia watu.

"Namujua," alisema. "Minye njo yaya yake. Leo nilikuja kumurudisha ku shamba." Watu wakaguna kwa hasira, na mvuvi akasogea mbali naye. "Ngojeni nimalize! Nilikuja kumurudisha, sababu minye na jamaa hatukujua. Shamba nitatafutia bantu. Huyu atabaki hapa."

Protais alilia pale pale, bila kuficha uso, na Pudentienne, aliyekuwa kwenye ukuta na Marie-Rose mapajani, alipiga vigelegele vilivyosikika kuliko kabati lenyewe. Sévère akangoja kelele zipungue. Akakohoa, akauliza kwa sauti ya mtu anayenunua.

"Na ku Runingu, pale nyumbani, moja ni bei gani?"

Protais alifuta macho kwa mkono wa shati. "Mutamba moja, Yaya."

"Hata kwa yaya?"

"Hata kwa yaya."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Sévère alijigeuza taratibu, akamzungusha mdogo wake kwa bega ili wote wamwone.

"Munasikia?" aliwaambia watu. "Huyu njo mudogo wangu!"

Alirudi Runingu siku hiyohiyo. Baada ya siku nne alikuja tena, akivuta kwa kamba mtamba mwekundu, aliye bora kuliko wote katika zizi la jamaa.